Picha za makro zinapogoma: soma dalili kabla hujanunua lenzi nyingine

Malalamiko ya anayeanza kupiga picha za karibu kabisa huwa yaleyale: "haitoki kali". Shida ni kwamba picha isiyo kali ina sababu nyingi, na dawa ya moja haitibu nyingine. Mtu anayetikisa kamera akienda dukani kununua lenzi mpya, ataitikisa na hiyo mpya. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, fungua picha iliyokukera, ikuze hadi asilimia 100, na ujiulize mambo mawili. Je, kuna sehemu yoyote iliyo kali, hata kama siyo uliyoitaka? Na ukungu unaouona una mwelekeo, au umetanda sawasawa pande zote? Majibu ya maswali hayo yanatenganisha karibu matatizo yote yanayofuata hapa chini.

Ukali upo, lakini mahali pengine

Uso wa vunjajungu umefifia, ila mguu wake wa mbele unaonekana hadi mwiba wa mwisho. Lenzi yako ni nzima kabisa. Kilichokushinda ni kina cha ukali, yaani unene wa eneo linalotoka kali kutoka mbele hadi nyuma, ambacho kwenye makro ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye uwiano wa 1:1, yaani pale mdudu wa milimita 20 anapochukua milimita 20 za sensa (kibapa cha ndani kinachopokea picha), kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa kubwa, ikiwa na apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) ya f/8 inakupa kina cha takriban milimita 1. Ukifungua hadi f/2.8 unabaki na theluthi moja ya milimita. Wewe mwenyewe ukipumua tu umeshahama zaidi ya hapo.

Fokasi ya otomatiki katika hali hii huenda mbele, hurudi nyuma, na ikija kutulia mdudu kaondoka. Kama lenzi yako ina swichi ya kuwekea mpaka wa umbali, iweke upande wa karibu ili isitafute hadi upeo wa macho. Lakini njia inayotegemewa zaidi ni kuizima. Weka fokasi ya mkono, amua ukubwa unaoutaka, kisha usiguse tena pete ya fokasi. Badala yake sogeza mwili wako wote mbele taratibu na upige picha mfululizo jicho la mdudu linapoingia kwenye ukali. Nyingi utazifuta, na hiyo ni kawaida ya kazi hii.

Kuna ujanja mmoja unaofanya kazi kuliko vifaa vingi vya kununua. Shika kijiti au jani alilokaa mdudu kwa vidole vya mkono wa kushoto, halafu laza lenzi juu ya mkono huohuo. Sasa mdudu na lenzi vinatikisika pamoja, na umbali kati yao haubadiliki. Kusogeza ukali ni suala la kutelezesha lenzi milimita moja juu ya kiganja. Usijaribu hivyo kwa nyigu.

Kabla hujaziba apecha kutafuta kina zaidi, badilisha pembe. Kipepeo aliyekunja mabawa ni bapa. Ukisimama ubavuni mwake ili sensa iwe sambamba na bawa, hata f/8 inamtosha. Ukimpiga kwa mshazari, f/16 haimtoshi.

Ukungu una mwelekeo

Ukikuza picha ukaona kila nukta imegeuka kamstari kadogo, kuna kitu kimehama shata (pazia linaloruhusu mwanga ufike kwenye sensa) ikiwa wazi. Swali ni nani. Kama jani liko kali na miguu ya mdudu imevutika, mdudu ndiye aliyehama. Kama kila kitu kimevutika kuelekea chini, ni kidole chako kilichobonyeza kwa nguvu. Vikivutika kando, ua na mdudu kwa pamoja, tazama upepo kwanza.

Kanuni ya zamani ya kwamba lenzi ya milimita 100 unaweza kuishika mkononi kwa 1/100 ya sekunde haifai hapa, kwa sababu makro hukuza mtikisiko kama inavyokuza mdudu. Bila flashi, anzia 1/250 na upande kutoka hapo. Usitegemee sana kidhibiti mtikisiko pia. Canon walipotoa lenzi yao ya EF 100mm f/2.8L mwaka 2009, yenye mfumo uliobuniwa mahsusi kwa makro, wao wenyewe walieleza kwamba msaada wa stopu nne (kila stopu hukuruhusu kupunguza kasi ya shata kwa nusu) kwa picha za kawaida hushuka hadi stopu mbili kwenye 1:1. Lenzi isiyo na mfumo wa namna hiyo itakusaidia kidogo kuliko hapo.

Upepo una saa zake. Pwani, upepo wa baharini huanza kusukuma asubuhi jua likishapanda, na msimu wa kusi huwa mkali zaidi. Alfajiri hadi saa mbili ndiyo nafasi yako, na kwa bahati ndio wakati wadudu wenyewe bado wana baridi na hawana haraka. Ua likiendelea kuyumba, bana bua lake kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti ulichochomeka ardhini, nje ya picha. Ua likiyumba sentimita moja, limeshapita kina chako cha ukali mara kumi, kwa hiyo kibanio hicho kina thamani kuliko tripodi.

Ukungu umetanda kila mahali

Hapa hakuna sehemu kali hata moja, na hakuna mwelekeo. Mtuhumiwa wa kwanza ni apecha uliyoiziba kupita kiasi. Mtu anasoma kwamba kuziba apecha kunaongeza kina, anakwenda f/22 au f/32, na picha nzima inakuwa laini. Mwanga unapopenya kwenye tundu dogo sana hutawanyika, na kwenye makro tundu huwa dogo kuliko namba inavyosema: kwenye 1:1 namba halisi ni karibu mara mbili. f/16 uliyoiweka inafanya kazi kama f/32. Kamera za Nikon, zikiwa na lenzi zake za makro, huonesha namba hiyo halisi. Za Canon huonesha ile uliyoweka. Ndiyo maana watu wawili wenye kamera hizo hubishana bila sababu. Kaa kati ya f/8 na f/11 ukiwa kwenye 1:1, na kama ukubwa wako umepita hapo, fungua zaidi.

Mtuhumiwa wa pili ni mvuke. Umetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi Dar es Salaam au Mombasa, umefungua begi nje, na kioo kimepata ukungu papo hapo. Kufuta hakusaidii, ukungu utarudi. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa nje, ipate joto polepole.

Kwa wenye simu

Wengi wetu tunaanzia hapa, na simu ina magonjwa yake. La kwanza ni kamera iliyoandikwa "macro" nyuma ya simu nyingi za bei ya kati. Mara nyingi ni ya megapikseli 2, yaani pikseli 1,600 kwa 1,200, na haina fokasi kabisa: ukali umewekwa kiwandani kwenye umbali wa sentimita 4 hivi. Ukisogea hadi sentimita 2, ukungu. Ukirudi hadi 8, ukungu. Kwa maoni yangu kamera hiyo iliwekwa ili kuongeza idadi ya vioo vinavyoonekana mgongoni. Tumia kamera kuu, rudi nyuma hadi ishike ukali, kisha ukate picha baadaye. Mara nyingi utapata zaidi.

La pili ni simu kurukaruka kati ya kamera. Unasogea karibu, picha inashtuka, na rangi inabadilika kidogo. Simu imehamia kamera ya pembe pana, kwa sababu ndiyo inayoweza kushika ukali karibu zaidi. iPhone 13 Pro ya mwaka 2021 hufanya hivyo, ikishika hadi sentimita 2, na nyingine nyingi pia. Ukiwa karibu hivyo, simu yenyewe inamziba mdudu jua. Tafuta alama ya ua dogo kwenye skrini na uizime, au rudi nyuma na utumie kamera yenye zumu.

La tatu, simu inashika ukali wa majani ya nyuma na kumwacha buibui. Weka kidole nyuma ya buibui ili kamera ipate kitu kikubwa cha kushika kwenye umbali huohuo, bonyeza skrini kwa muda hadi fokasi ijifunge, toa kidole, kisha sogea mbele na nyuma kama tulivyosema juu.

Na zile lenzi ndogo zinazobanwa juu ya kamera ya simu: zikitoa picha yenye ukungu upande mmoja, hazijakaa katikati ya kamera. Vua kava la simu kwanza. Kama simu ina kamera tatu, funika moja moja kwa kidole hadi ujue ipi ndiyo kuu. Kingo zenye michirizi ya zambarau na kijani huwezi kuziondoa kwenye lenzi ya bei ndogo. Weka mdudu katikati na ukate kingo.

Flashi imeharibu badala ya kusaidia

Flashi ndiyo inayowatoa watu kwenye usingizi wa ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) ya 6400 na picha zenye chenga. Ikiwa kwenye 1/16 ya nguvu zake, flashi nyingi za juu ya kamera humulika kwa muda usiofika 1/8,000 ya sekunde, na hapo hata mkono unaotetemeka hauonekani. Lakini ikitumiwa vibaya huacha alama zake, na kila alama ina chanzo chake.

Mdudu ana nukta nyeupe iliyoungua mgongoni, hasa mende, kifaurongo na wadudu wengine wenye gamba linalong'aa. Mwanga umetoka sehemu ndogo mno. Kupunguza nguvu kutafifisha picha nzima na nukta itabaki. Unachohitaji ni kuufanya mwanga uwe mkubwa ukilinganisha na mdudu: karatasi ya kuokea, kipande cha chupa nyeupe ya maziwa, au kitambaa cheupe, kikiwa kimeinama juu ya lenzi hadi karibu kabisa na mdudu. Watu huweka kofia ya plastiki kwenye flashi na kushangaa haisaidii. Kofia ile ni ndogo, na iko mbali. Karatasi ya A5 sentimita 5 juu ya mdudu inafanya kazi kuliko kofia yoyote.

Nusu ya chini ya picha ina kivuli cha mviringo? Ni flashi ya kujengewa iliyopigwa kwenye lenzi ndefu. Lenzi inajitilia kivuli yenyewe. Kuna mstari mweusi uliokata picha kwa usafi kama rula? Shata imepita kasi inayokubaliana na flashi, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250.

Mandhari ya nyuma kuwa nyeusi ti si kosa, ila wengi hawakuitaka. Mwanga wa flashi hufifia haraka kwa umbali: mdudu akiwa sentimita 10 kutoka kwenye mwanga na majani yakiwa sentimita 40, majani yanapata sehemu moja tu ya kumi na sita. Weka jani au karatasi ya kijani sentimita chache nyuma yake, au pandisha ISO ili mwanga wa kawaida uingie. Na ukipiga juani ukaona mdudu ana kivuli hafifu cha pili pembeni, ni jua limeandika picha yake na flashi imeandika yake. Kaa kivulini au mtilie kivuli kwa mwili wako.

Mdudu hakubali ukaribu

Lenzi ya makro ya milimita 60 inakulazimisha umkaribie sana ili ufike 1:1. Ya milimita 100 inakuachia takriban sentimita 13 hadi 15 mbele ya kioo. Kwa kereng'ende tofauti hiyo ni kubwa. Lakini hata lenzi fupi inafaa ukijua tabia. Kereng'ende wengi hurudi kwenye kijiti kilekile walichoruka. Kaa karibu na kijiti, usimfukuze. Kivuli chako kisimpite mdudu, na usiguse mmea alipo.

Maji moto, wale sisimizi wekundu wa kwenye miembe na mikorosho, hawatulii hata sekunde moja wakiwa njiani. Watafute wanapojenga kiota. Huko hujipanga safu kwenye ukingo wa jani, miguu ya nyuma imeshika jani moja na meno yameshika jingine, wakivuta, huku wenzao wamebeba mabuu wanaotoa uzi wa kushonea. Wakiwa katika kazi hiyo hukaa pale pale muda wa kutosha hata kwa asiye na flashi. Vaa mikono mirefu, maana wakikuona wanamwaga asidi na kung'ata.

Buibui wanaoruka ndio ninaowapendekeza kwa anayejifunza. Hawakimbii hovyo, wanageuka kukutazama, na macho mawili makubwa ya mbele hukupa mahali pa kulenga. Huko Mbita, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, ambako ICIPE, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu, wana kituo, watafiti wamemchunguza kwa miaka mingi buibui mmoja wa aina hii, Evarcha culicivora, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2003. Ana urefu wa milimita 5 hivi, anaishi kwenye kuta za nyumba, na huchagua mbu jike aliyeshiba damu. Kwa hiyo huhitaji msitu, ukuta wa sebule unatosha.

Kuna wanaoweka wadudu kwenye friji ili watulie. Siungi mkono. Mdudu aliyeganda hukaa miguu imekunjika na vipapasio vimeanguka, na anayewajua wadudu atajua tu.

Maua na rangi zinazokataa

Asumini nyeupe imetoka kijivu, au imeungua yote bila mstari wa petali. Kamera hupima kana kwamba kila kitu kina mwangaza wa kati. Ua jeupe likijaza picha, ongeza fidia ya mwangaza (exposure compensation) ya +1 halafu utazame kama kuna sehemu iliyoungua. Mdudu mweusi naye anataka kinyume chake, -1, la sivyo atatoka kijivu.

Maua mekundu yana mtego mwingine. Petali zinageuka doa moja jekundu lisilo na mishipa, ingawa grafu ya mwanga (histogramu) inaonesha picha iko sawa. Ni rangi nyekundu peke yake iliyojaa. Tazama grafu ya rangi tatu badala ya ile moja, na upunguze mwanga hadi nyekundu irudi ndani. Piga RAW, yaani faili ghafi isiyochakatwa, kama kamera inaruhusu. Kwa dughulushi wa Milima ya Usambara, mmea mdogo wa kivuli cha msituni, tatizo ni mwanga kidogo na zambarau inayogeuka bluu. Panga rangi nyeupe (white balance) kwa mkono ukitumia karatasi nyeupe mahali hapohapo, kisha elekeza mwanga kutoka upande ili vinyweleo vya jani vijitokeze.

Sarafu na vitu vya mezani

Hapa mdudu hakimbii, ila taa zinakusaliti. Michirizi ya giza na mwanga inayokata picha hutoka kwenye taa za LED au za tyubu zinazomemeteka mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa 50 Hz. Weka shata 1/50 au 1/100 na itatoweka.

Sarafu ya shilingi 10 ya Kenya ya toleo la 2018 ina simba. Ukiimulika kutoka juu, simba huyo anapotea kwenye mng'ao. Shusha taa hadi karibu usawa wa meza, upande mmoja, na manyoya yake yanaibuka kwa vivuli. Sarafu mpya inayong'aa sana inahitaji zaidi: simamisha kipande safi cha kioo kwa nyuzi 45 kati ya lenzi na sarafu, mulika kioo kutoka ubavuni, ili mwanga ushuke wima na wewe upige kupitia kiooni.

Pete za kurefushia na lenzi iliyogeuzwa

Pete ya kurefushia hukaa kati ya kamera na lenzi. Ya milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 inaongeza uwiano wa 1:2, yaani nusu ya ukubwa halisi wa kitu. Kamera ikiandika F00 au F--, pete haina nyaya za kuwasiliana na lenzi, na si ubovu. Lenzi ikishindwa kuona mbali, nayo ni kawaida yake. Ukiigeuza lenzi, mbele yake ikitazama kamera, kamera haiwezi tena kuiendeshea apecha. Kwa Canon, weka f/8, shikilia kitufe cha kutazamia kina cha ukali, na uvue lenzi kamera ikiwa imewaka. Apecha itabaki pale. Kwa lenzi za Nikon za aina ya G, zisizo na pete ya apecha, tundu hujifunga lote likitoka kwenye kamera, na inabidi uzuie kile kijiwiko cha nyuma.

Kuunganisha picha nyingi

Ukitaka mdudu mzima awe mkali, unapiga nyingi kwenye kina tofauti na kuziunganisha kwa programu kama Helicon Focus, Zerene Stacker, au Picolay ya bure. Picha iliyounganishwa ikiwa na mikanda ya ukali na ukungu kwa kupokezana, hatua zako zilikuwa kubwa kuliko kina cha ukali. Zipunguze hadi kila picha iingiliane na ya jirani. Kipapasio chenye nakala mbili maana yake mdudu alikitikisa katikati ya kazi. Ondoa picha hizo, au ufanye hivi kwa waliokufa tu.

Madoa na utando

Doa jeusi lililo mahali palepale kwenye kila picha ni vumbi la sensa. Lilikuwepo zamani, apecha ndogo ndiyo imelifichua. Lithibitishe kwa kupiga anga kwa f/22. Tumia pampu ya mpira ya kupulizia, kamera ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate yatabaki.

Utando unaofanana na nyuzi za buibui ndani ya lenzi, unaoonekana ukimulika tochi kwa mshazari, ni kuvu. Pwani huota upesi kwa lenzi iliyofungiwa kabatini. Hifadhi lenzi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya silika, na uvikaushe vikilowa. Kuvu iliyoanza pembeni fundi anaweza kuisafisha. Ikiwa imeshachimba rangi ya kinga ya kioo, fundi ataondoa utando na alama zitabaki, kwa hiyo muulize kwanza kabla ya kukubali gharama ya kuifungua.